Kabureta au injeksheni kwa gari la zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mwenye Peugeot 504, Land Rover ya Series, Datsun, Beetle, Mercedes W123 au Land Cruiser ya miaka hiyo, hasa anayeishi huku kwetu, ambako ukitoka Dar alfajiri jioni unaweza kuwa Njombe umejifunika blanketi. Mimi naendesha 504 stesheni wageni ya kabureta, kwa hiyo ukiona naegemea upande mmoja, umeshajua sababu. Nimewahi pia kumsaidia rafiki kuweka injeksheni ya kompyuta kwenye gari lake, na yaliyotukuta huko nimeyaandika humu bila kuyapamba.

Tofauti yake hasa ni nini?

Kabureta haipimi kitu. Injini inavuta hewa, hewa inapita kwenye koo jembamba, inakwenda kasi, kanieneo yake inashuka, na petroli inafyonzwa kutoka kwenye bakuli kupitia jeti, yaani tundu dogo lililotobolewa kwa kipimo. Boya na sindano yake vinalinda kiwango cha petroli kwenye bakuli, kama boya la tangi la choo. Basi. Mengine yote (choki ya kuwashia injini baridi, jeti ya sailensa, yaani ya injini inaponguruma bila kukanyagwa mafuta, pampu ndogo inayorusha petroli ukikanyaga ghafla) ni viraka vya kuziba mapengo ya kanuni hiyo moja.

Injeksheni husukuma petroli kwa nguvu na kuinyunyiza kupitia injekta. Kiasi chake kinaamuliwa na pampu ya mekaniki kwenye mifumo ya kale, au na kompyuta inayosoma sensa kwenye ile ambayo mafundi wanaiita EFI.

Vyote viwili vinakimbiza jambo lilelile. Petroli huungua kikamilifu ikipata takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli, na injini inayopanda mlima na mzigo hupenda mchanganyiko mzito zaidi, kama 12.5 au 13 kwa moja. Ugomvi wote ni nani anaukaribia uwiano huo kwenye hali nyingi zaidi.

Gari langu linamisi, linakula mafuta na linazima kwenye sailensa. Niweke EFI?

Bado. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi anayeuliza hana tatizo la kabureta kabisa.

Kabureta ndiyo inayosingiziwa kila kitu kwa sababu iko juu, inaonekana, na ina skrubu mbili ambazo kila mtu anajua kuzizungusha. Mwaka mmoja nilifungua kabureta ya 504 yangu mara mbili, nikaiosha mpaka ikang'aa, nikanunua seti mpya ya gasketi, na gari likaendelea kukohoa kila likipata moto. Ilikuwa kondensa ya distributa, yaani ya kile kinachogawa moto kwa plagi. Kifaa kidogo kuliko kidole gumba, cha bei ya sahani mbili za chipsi mayai.

Kabla ya kuigusa kabureta, pita kwa mpangilio huu. Anza na kipimo cha valvu. Halafu pointi (swichi ya cheche ndani ya distributa) na kondensa, waya za plagi, kifuniko cha distributa (kitazame gizani injini ikiwa inanguruma, ukiona vimulimuli, umempata mwizi). Kisha taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, kwa taa ya taimingi na si kwa sikio. Kisha tafuta hewa inayoingia kinyemela: gasketi ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silenda), hosi ya basta ya breki iliyopasuka kwa chini usikoona. Kisha hakikisha pampu inaleta petroli ya kutosha na chujio halijajaa kutu ya tangi. Baada ya hayo yote ndipo kabureta ipandishwe kizimbani.

Sisemi haya ili kukukatisha tamaa. Ni kwamba EFI haitibu kondensa mbovu wala gasketi inayovuta hewa. Inayakuta magonjwa hayohayo, inaongeza ya kwake, na sasa una mambo mawili ya kutafuta badala ya moja.

Kabureta imefanyiwa ovahoo mara tatu na bado sailensa inapanda na kushuka. Kwa nini?

Angalia mhimili wa kipepeo. Kipepeo ni kile kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta, na mhimili wake umezunguka kwenye matundu yale tangu gari lilipotoka kiwandani. Miaka 40 ya vumbi inayala matundu yakawa ya umbo la yai, na hewa inaingia pembeni bila kupimwa. Hakuna seti ya ovahoo inayotibu hilo, kwa sababu seti huja na gasketi, sindano na kiwambo cha mpira, basi.

Jaribu hivi: injini ikiwa kwenye sailensa, shika mhimili utikise juu na chini. Mhimili ukicheza, na mlio wa injini ukibadilika unapoutikisa, jibu unalo. Dawa ni kumpelekea fundi wa mashine ya kukereza achimbe matundu na kuingiza bushi mpya. Fundi mzuri wa kukereza anaimaliza asubuhi moja.

Zile kabureta mpya za kuiga zinazouzwa kwa bei ya kutupa zinavutia, najua. Baadhi zinafanya kazi. Nyingine zinakuja na jeti ambazo namba yake na tundu lake havijawahi kukutana, na ukianza kuhangaika na hizo utaikumbuka ile ya zamani uliyomwachia fundi kama chuma chakavu. Usiitupe kabureta ya asili, hata ikionekana imekwisha.

Kwa nini gari linakuwa zito na kutoa moshi mweusi nikipandisha Iringa, Njombe au Nairobi?

Hapa ndipo injeksheni ina hoja ya kweli, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Hewa ya juu ni nyepesi. Kwenye mita 1,500 uzito wake umepungua kwa takriban asilimia 14 ukilinganisha na pwani, na kwenye mita 2,000 kwa takriban asilimia 18. Kila silenda inameza ujazo uleule wa hewa, lakini hewa yenyewe imekonda. Kabureta haijui hilo. Inapunguza petroli, ndiyo, ila haipunguzi kwa kiwango hichohicho: hewa ikikonda kwa asilimia 14, petroli inayofyonzwa inapungua karibu nusu tu ya hiyo. Matokeo yake, gari lililopimwa vizuri Dar litafika Iringa likiwa na mchanganyiko mzito kupita kiasi kwa asilimia 7 au 8, na Njombe kwa kama 10. Ndiyo maana ukitoka kwenye kona za mlima Kitonga kabla ya Iringa na kusimama juu kununua vitunguu, gari linanuka petroli na plagi zimevaa masizi.

Dawa ya kabureta ni kubadilisha jeti. Kwa kabureta za Solex na Weber namba ya jeti ni kipenyo cha tundu kwa sehemu mia za milimita, yaani jeti ya 130 ina tundu la milimita 1.30. Ukiweka ya 125, eneo la tundu linapungua kwa asilimia 7.5, ambayo ni karibu kabisa na unachohitaji kwenye mita 1,500. Kazi ya dakika 20 kwa mtu mwenye bisibisi sahihi. Taimingi nayo unaweza kuisogeza mbele nyuzi mbili tatu, kwa sababu hewa nyepesi huungua taratibu.

Hatari iko kwenye kurudi. Ukiteremka na jeti ya mlimani hadi pwani, mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inachemka kwa ndani, na ukiwa na mzigo unaweza kuchoma valvu huku ukijisifu kwamba gari linabana matumizi. Mtu anayeishi juu na kushuka mara mbili kwa mwaka aweke jeti ya kwao na abebe ile kubwa kwenye kisanduku cha vifaa. Anayepanda na kushuka kila wiki aweke ya pwani na avumilie masizi ya juu. Au aanze kufikiria EFI, kwa sababu kompyuta yenye sensa ya kanieneo na sensa ya oksijeni kwenye ekzosti hufanya hesabu hii yote yenyewe kila sekunde, bila kukuuliza.

Basi injeksheni itarudisha nguvu zinazopotea mlimani?

Hapana. Hewa iliyokonda imekonda. Injini isiyo na turbo ya kusukumia hewa itapoteza karibu asilimia 14 ya nguvu Iringa hata ukiifunga kompyuta ya ndege. Injeksheni inaokoa ile sehemu inayopotea kwa mchanganyiko mbaya, pamoja na petroli yako.

Nasikia Peugeot zilikuwa na injeksheni tangu zamani. Ni kweli au ni hadithi za vijiweni?

Ni kweli, na Mtanzania ana haki ya kujivunia. Mwaka 1966 na 1967 Safari Rally ilichukuliwa na Bert Shankland wa Dar es Salaam, akiwa na msaidizi wake Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404 ya injeksheni. Mwaka 1968 Nick Nowicki na Paddy Cliff wakaichukua tena kwa gari la aina hiyohiyo. Mfumo ulikuwa wa Kugelfischer, wa Kijerumani: pampu inayozungushwa na injini na kusukuma petroli kwa kila silenda, bila kompyuta yoyote. Pampu za ukoo huohuo zilikuja kuwekwa kwenye BMW 2002tii na kwenye 504 za injeksheni.

Usiseme basi kwamba kabureta ilishindwa. Miaka michache baadaye, 1971 na 1973, Datsun 240Z iliibeba Safari ikiwa na kabureta. Tope, mito na mashimo hayakujali ni mfumo gani.

Injeksheni ya umeme nayo si ya jana. Volkswagen 1600 iliuzwa na mfumo wa Bosch D-Jetronic kuanzia 1967. Kwa hiyo anayekuambia gari la miaka ya sabini "halikubali" injeksheni hajasoma vizuri historia ya magari yenyewe.

Nina 504 (au 404) ya injeksheni ya asili na pampu imekufa. Niing'oe niweke kabureta?

Wengi walifanya hivyo miaka ya themanini na tisini, ndiyo maana zilizobaki kamili ni chache. Siwalaumu, spea hazikuwepo na gari lilitakiwa litembee kesho. Ukilazimika, manifoldi na kabureta ya 504 ya kawaida vinakaa, na utapoteza nguvu za farasi kama kumi hivi. Lakini funga kila kitu ulichokitoa, pampu, injekta, mabomba, kila skrubu, kwenye sanduku moja, andika juu yake kwa rangi, na liwe linahama na gari. Ukiuza, sanduku liende na gari. Wapo mafundi wa pampu za dizeli wanaoweza kuifufua Kugelfischer kwa sababu utamaduni wa kazi ni uleule: vipande vya chuma vilivyosagwa kwa usahihi mkubwa, vinavyochukia maji na uchafu. Muulize wa pampu za dizeli kabla ya kumuuliza wa kabureta.

Mwenye Mercedes 230E ya W123 yuko kwenye mashua hiyohiyo. Injeksheni yake, K-Jetronic, ni ya mekaniki, inadumu sana ikipata petroli safi, na inakufa kifo kibaya ikipata maji.

Nikiamua EFI, ninabadilisha nini hasa? Si ni kutoa kabureta na kuweka ile kitu juu?

"Ile kitu juu" ndiyo rahisi. Taabu iko chini na nyuma.

Pampu ya mekaniki ya gari la kabureta inatoa msukumo mdogo sana, chini ya baa 0.3. EFI ya kawaida inataka baa 3 hadi 4. Hiyo ni zaidi ya mara kumi. Kwa hiyo pampu mpya ya umeme, chujio jipya, na paipu mpya kuanzia tangi hadi mbele. Mpira wa petroli lazima uwe wa injeksheni, ule ulioandikwa ubavuni SAE 30R9, pamoja na klipu zake pana zisizokata mpira. Mpira wa kabureta ukiubebesha baa nne utatoa jasho wiki ya kwanza na kupasuka wiki ya tatu, na petroli inayopasuka kwa baa nne haidondoki, inaruka kama mvua juu ya ekzosti ya moto. Ukisoma sentensi moja tu kwenye majibu haya yote, iwe hiyo.

Mifumo mingi inataka pia paipu ya kurudisha petroli kwenye tangi, na tangi la zamani halina tundu lake. Tena halina vizuizi vya ndani, kwa hiyo ukikata kona na petroli kidogo, pampu inameza hewa na gari linakatika katikati ya kona. Suluhisho ni tangi dogo la kati au pampu iliyokaa ndani ya kikombe chake chini ya tangi.

Halafu umeme. Pampu, injekta, koili na kompyuta vinakula ampea ambazo waya za 1975 hazikutarajia. Kila kimoja kinataka rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na fyuzi yake. Kompyuta inataka betri isiyozirai wakati wa kupiga stata, na inataka athi safi, yaani waya wake uliofungwa vizuri kwenye bodi. Gari la rafiki yangu lilitembea vizuri miezi mitatu, likaanza kuzima ovyo, likiwaka tena baada ya dakika kumi. Tukabadilisha sensa mbili na pampu. Mwishoni tukakuta waya wa athi wa kompyuta umefungwa kwenye bodi juu ya rangi. Juu ya rangi! Tukapiga msasa ukubwa wa sarafu, ugonjwa ukaisha.

Waya za plagi ziwe zenye ukinzani, la sivyo kelele za moto zinaichanganya kompyuta. Ekzosti isivuje kabla ya sensa ya oksijeni, maana hewa inayoingia pale inaifanya kompyuta iamini mchanganyiko ni mwepesi, na itamwaga petroli bila huruma. Pampu izimike yenyewe injini ikizima. Gari likipinduka hutaki pampu inayoendelea kusukuma.

Land Rover yangu bado ina dainamo. Inafaa kuwekewa EFI?

Kwanza angalia ni nguzo gani ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Series II na IIA za mwanzo zilifungwa chanya kwenye bodi, na kompyuta ukiifunga kinyume hutaamini inavyokufa haraka. Ibadilishe iwe hasi, weka alternata badala ya dainamo, ndipo tuendelee kuzungumza. Kusema kweli lakini, kwa Land Rover ya petroli ya lita 2.25 mimi ningeikarabati kabureta yake ya Zenith na kulala usingizi. Lile chujio la hewa la kuogea oili linafanya kazi nzuri zaidi kwenye vumbi la Dodoma kuliko watu wanavyodhani, mradi uoshe na kubadilisha oili yake.

Vile vifaa vya Marekani vinavyojifunza vyenyewe vinafaa 504 au Datsun?

Vingi vilitengenezwa kukaa mahali pa kabureta kubwa ya midomo minne juu ya V8. Vipo vya midomo miwili, kama vya ukoo wa Holley Sniper, lakini hata hivyo utahitaji bamba la kuunganisha na mahali pa kukikalisha boneti ikafunga. Bei yenyewe si ndogo, bado usafiri na ushuru, bado pampu na mabomba. Kwa mwenye Mustang au Land Cruiser iliyokwishawekwa V8, sawa. Kwa injini ya lita 1.8 ni kumvisha mtoto koti la babu.

Kwa injini ndogo njia yenye akili ni kompyuta ya kujipangia, kama MegaSquirt au Speeduino, pamoja na manifoldi na injekta za mtumba. Lakini "kujipangia" maana yake ni wewe. Utakaa na kompyuta mpakato kwenye kiti cha abiria, ukisoma meza ya namba huku mwenzako anaendesha. Kama hilo linakufurahisha, utafurahi sana. Kama linakuchosha tu kulisoma hapa, achana nalo.

Kuna njia ya bei nafuu kati ya hizo mbili?

Weber mpya ya 32/36 inakaa kwenye injini nyingi za silenda nne ikiwa na bamba lake, jeti zake zinapatikana, na fundi yeyote aliyewahi kushika kabureta anaielewa. Ongeza moto wa elektroniki badala ya pointi, na sehemu kubwa ya kile ambacho watu wanakitafuta kwenye EFI (kuwaka asubuhi, sailensa tulivu, kutomisi) utakuwa umekipata.

Njia nyingine inayopendwa Gerezani ya Dar na Kirinyaga Road ya Nairobi ni kuweka injini nzima ya Toyota ya EFI. Inafanya kazi. Ila hapo hujachagua tena kati ya kabureta na injeksheni, umechagua gari jingine lenye bodi ya Peugeot. Ukifanya hivyo, namba ya injini ibadilishwe kwenye kadi ya gari kwa wanaohusika, TRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya, mapema, kabla trafiki hajakufungulia boneti.

Kwenye foleni mchana gari linazima, na haliwaki mpaka lipoe. Kabureta?

Petroli inachemka kwenye paipu au kwenye bakuli. EFI inaliondoa tatizo hili karibu kabisa, kwa kuwa petroli iliyobanwa kwa baa tatu haichemki kirahisi na ile iliyopata joto inarudishwa kwenye tangi. Ila kabla ya kutumia hela hiyo: hamisha paipu mbali na ekzosti, weka kipande kinene cha kuzuia joto chini ya kabureta, bati la kukinga joto, na ikibidi pampu ndogo ya umeme ya msukumo mdogo karibu na tangi. Hakikisha pia rejeta na feni ni wazima. Madereva wa zamani walifunga kitambaa chenye maji juu ya pampu ya mafuta na kusubiri wakinywa chai. Inasaidia bado.

Petroli chafu inaua kipi haraka?

Injeksheni. Uchafu ukiziba jeti ya kabureta, unaifungua, unaipuliza kwa mdomo (usimeze) na unaendelea. Injekta haipulizwi kwa mdomo. Maji ndiyo mabaya zaidi, na petroli ya vidumu vya njiani ina maji kuliko muuzaji anavyokubali.

Na kuna tabia moja ambayo inabidi iachwe siku unapoweka EFI: kutembea na petroli ya elfu kumi. Pampu ya ndani ya tangi inapoozwa na petroli inayoizunguka. Ukiizoesha kufanya kazi nje ya petroli, na mshale umelala kila siku, itaungua, na wala haitakupa taarifa.

Ikiharibika njiani, usiku, mbali?

Kabureta huharibika kama mzee anavyougua: kwa muda, kwa kulalamika, na mara nyingi inakufikisha. Nimewahi kutoka Same hadi Korogwe na boya lililotoboka, nikifunga na kufungua petroli kwa kipimo cha pua. Injeksheni ya kompyuta haina manung'uniko hayo. Inakwenda vizuri kabisa mpaka dakika ile inapozima. Kwa upande wake, ikiwekwa vizuri huzima mara chache mno, na mwenye kifaa cha kusoma makosa anaambiwa pa kuanzia.

Swali la kweli ni nani atakayekuja kukusaidia. Mafundi waliokulia kwenye kabureta wanazeeka. Kijana wa miaka 25 kwenye gereji ya mjini anaweza kuisoma EFI kwa simu yake na asijue skrubu ya hewa iko wapi kwenye Solex. Vijijini bado ni kinyume, kwa sababu ya pikipiki: kila kijiwe cha bodaboda kina mtu anayeijua kabureta, hata kama ni ndogo kuliko ngumi.

Nikiweka EFI gari litapoteza thamani?

Kwa mnunuzi wa gari la kila siku, hapana. Kwa mkusanyaji, au ukilenga kulipeleka kwenye Concours d'Elegance ya Nairobi, mashindano ya magari yaliyotunzwa, ambako waamuzi wanatazama mpaka klipu za hosi, uasili una uzito. Ushauri wangu ni mmoja: usikate, usitoboe wala usichomelee kitu usichoweza kukirudisha. Nchini Kenya magari ya mtumba yaliyozidi miaka minane hayaruhusiwi kuingia, kwa hiyo magari haya ya zamani yaliyopo ndiyo hayo, na hayaongezeki kwa urahisi.

Petroli isiyo na risasi inahusika hapa?

Kidogo. Risasi iliondolewa kwenye petroli kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, na baadhi ya vichwa vya chuma cha zamani huliwa siti za valvu bila hiyo. Hilo linatibiwa kwa siti ngumu, na halijali kama una kabureta au injeksheni. Nimeliweka kwa sababu kuna fundi aliyemuuzia jirani yangu EFI kwa hoja hiyo.

Kwa hali yangu, wewe ungechagua nini?

Gari la wikendi, unaishi mahali pamoja, hutembei mbali: kabureta, bila kusita. Gari la kila siku linalopanda na kushuka kati ya pwani na nyanda za juu, nawe una fedha ya kufanya kazi yote kuanzia tangi: EFI. Fedha ya nusu ya kazi: kabureta, maana EFI ya nusu ndiyo gari baya kuliko yote mawili. Gari lenye injeksheni ya asili ya mekaniki: libaki nayo.

504 yangu itabaki na Solex yake. Nimeweka moto wa elektroniki, na pointi za zamani ziko kwenye droo ya dashibodi zikiwa zimefungwa kwenye gazeti.

Nibebe nini kwenye buti?

Wa kabureta: jeti ya mlimani na ya pwani, sindano na boya, kiwambo cha pampu ya mafuta, kondensa, mita moja ya mpira wa petroli, bisibisi inayoingia sawasawa kwenye jeti (isiyolingana inazila midomo). Wa EFI: rilei mbili, fyuzi, pampu ya akiba, kifaa cha kusomea makosa, waya na msasa. Nyote wawili: chujio la petroli, mtungi wa kuzimia moto uliokaguliwa, na uwe karibu na kiti cha dereva, usiuzike chini ya mizigo.